Nilishusha Paa la Mama Ili Tuandikwe Maskini

Nilikosa. Naanza hapo ili usije ukanihurumia kabla hujajua nilichofanya. Nilipanda juu ya nyumba yetu mchana, na akili zangu timamu, nikang'oa mabati ambayo wanawake wa kwetu walimpa mama yetu. Sikuwa nimelewa. Sikulazimishwa na mtu. Niliyang'oa ili serikali ituone maskini.

Mhariri, jina langu usiliweke. Majina ya dada zangu nimeyabadilisha. Kwetu ni upande wa Endarasha, kule juu ambako baridi ya mwezi wa saba inaweza kuchoma viazi shambani ukafikiri mtu amepitisha moto. Kama wewe msomaji ni wa huko, utanijua. Basi nijue, lakini nisome mpaka mwisho.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Juzi nilikuwa hotelini Nanyuki, nimeshika kikombe cha chai, redio ikasema kwamba watu wengi wa milimani wamevuka mstari wa umaskini. Karibu yangu alikaa mchuuzi wa mbuzi kutoka Doldol. Akauliza kwa sauti, "Wamevuka wakaenda wapi?" Hoteli nzima ikacheka.

Mimi chai ilinishinda. Ule mstari naujua, jamani! Niliuona ukichorwa kwa biro, juu ya goti la mtu, mlangoni petu.

Baba yetu alikuwa mpasua mbao. Mti ulimwangukia msituni nikiwa na miaka kumi na minne, darasa la sita, na huo ndio ulikuwa mwisho wangu wa shule. Niliingia katika vibarua pamoja na mama: kuchuma maua ya pareto katika mashamba ya watu, kupakia magunia ya viazi. Mama naye akaanza kuugua. Alipotutoka nilikuwa na miaka kumi na tisa. Dada yangu Nyambura alikuwa na kumi na miwili, na kitinda mimba wetu, Muthoni, mitano.

Siku ya matanga wajomba walikaa pembeni wakatugawa. Nyambura aende Kiriaini kuchuma majani chai kwa mjomba mmoja. Muthoni achukuliwe na mwingine. Mimi nijitafutie.

Nikasimama. "Hatugawanywi," nikawaambia. "Sisi si mbuzi."

Walicheka. "Haya, baba wa watoto! Tutaona kama ndevu zitaota kabla ya njaa."

Wasichana hawakwenda. Hilo nililiweza. Nakuambia ili ujue kwamba sikuwa mtu mvivu wala mtu wa kuwatupa wadogo zake. Nilikuwa mtu wa kushika neno lake hadi mwisho, na huko ndiko nilikoharibikia.

Sasa nikueleze kuhusu yale mabati.

Wanawake wa kwetu walikuwa na kikundi. Walilima mashamba ya watu kwa pamoja, malipo wakayaweka kwa mwenyekiti wao, na yakitosha wakaezeka nyumba ya mmoja wao kwa mabati. Wiki kadhaa baadaye wanahamia kwa mwingine. Usidhani walikuwa wanatafuta fahari. Walichotafuta ni maji! Kwetu mto uko chini bondeni, na kuupanda mlima na debe mgongoni, kamba kwenye paji la uso, ni saa mbili za maisha yako kila siku. Ukiwa na mabati unafunga mtaro kwenye ukingo wa paa, unaweka pipa chini yake, na mvua inakuletea maji mlangoni.

Mama alilima na kikundi hicho hata alipokuwa anakohoa. Zamu yake ilipofika, alikuwa ametimiza miezi mitatu kaburini. Tulijua imepotea. Lakini asubuhi moja tulisikia nyimbo njiani, tukatoka, tukawaona wanawake wale wanakuja mstari mmoja, mabati kichwani, yanameta. Mbele alikuwa mwenyekiti, mama mzee ambaye sote tulimwita Cucu, yaani nyanya, ingawa hatukuwa na udugu naye.

Nilimwambia, "Cucu, mama hayuko."

"Najua hayuko, mimi ndiye nilimwosha. Lakini jembe lake liliingia mchangani kama letu. Hii ni jasho yake. Leteni ngazi!"

Mabati ishirini na moja. Siku ile Muthoni alikaa chini ya mtaro akingojea mvua, na haikuwa msimu wa mvua. Tulimwacha akae.

Miaka miwili ikapita. Nyambura alifanya mtihani wa darasa la saba, akapita vizuri kuliko wavulana wote wa shule yake. Akaitwa shule ya bweni ya wasichana, upande wa Nyeri. Barua ilikuja na orodha: ada, sanduku, blanketi mbili, godoro, viatu vya aina mbili, sare za aina mbili. Hata kalamu waliitaja. Nilikuwa nimeweka akiba ya muda wote ule, na ilifika kwenye ada ya muhula mmoja tu, bila blanketi hata moja.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ile, kofia mkononi. Akanisikiliza. Akasema nafasi atamshikia mpaka muhula wa pili ufunguliwe. Baada ya hapo atampa mwingine.

Kurudi nyumbani, nikakuta chifu ametangaza barazani kwamba wilaya inasaidia karo kwa watoto yatima wa nyumba maskini. Karani atapita nyumba kwa nyumba na karatasi zake. Niliruka kwa furaha! Yatima sisi. Maskini sisi. Ni nani mwingine wa kuandikwa?

Karani alifika mwezi wa tatu mwanzoni, pamoja na naibu wa chifu. Kijana mpole, tai shingoni, viatu vimejaa vumbi. Nilimpa kigoda akakaa mlangoni, karatasi gotini. Nyambura akasimama nyuma yangu. Muthoni alikuwa anamchungulia kutoka nyuma ya pipa.

"Mnalala wangapi hapa?"

"Watatu."

"Mnakula nini?"

"Asubuhi uji. Jioni githeri ya mahindi na maharagwe, au viazi."

"Viazi vya kununua?"

"Vya shamba letu."

"Mnavuna magunia mangapi?"

Nikamwambia ukweli. Akazidisha yale magunia kwa bei ya viazi ya mjini Nyeri. Nilimwona akiandika nikashtuka.

"Bwana karani, hiyo bei ni ya Nyeri. Hapa dalali anakuja na bei yake mfukoni. Mvua ikinyesha barabara inakuwa matope, haji kabisa, viazi vinaozea hapa."

"Kwa karatasi bei ni moja," akasema. "Kuni?"

"Tunaokota msituni. Lakini askari wa msitu akikukuta bila kibali..."

"Bure," akaandika. "Maji?"

Nyambura akaonyesha pipa.

"Bure." Kisha akainua macho. "Na mabati haya?"

"Ni ya mama yetu. Alipewa na kikundi cha wanawake."

"Lakini yako hapa."

"Yako."

"Basi ni mali."

Akajumlisha kila kitu, viazi, vibarua vyangu, kuku wanne, mabati. Akagawanya kwa vichwa vitatu. Halafu akageuza karatasi, akachora mstari ili tuelewe. "Mtu aliye hapa juu anaweza kuishi," akasema. "Aliye chini ndiye anasaidiwa. Ninyi mko hapa." Akaweka nukta juu ya mstari, juu kidogo tu, upana wa kidole cha mtoto.

Nyambura alikuwa na mdomo mwepesi. Akamwuliza, "Huyo anayeweza kuishi hapo kwa mstari, ananunua blanketi?"

"Nini?"

"Ati anaweza kuishi. Anaugua? Ananunua dawa? Ako na mtoto shuleni? Sukari ananunua kwa bei ya leo ama ya zamani?"

Karani akacheka kwa aibu. "Dada, si mimi niliuchora. Ulitoka Nairobi ukiwa umechorwa."

"Waambie waliouchora waje wakae juu yake wiki moja. Mimi nitawapikia."

Naibu wa chifu akamkemea. "Wewe msichana! Huo mdomo ndio utakulipia karo?"

Walipokuwa wanaondoka, karani alirudi nyuma hatua mbili akanisemesha polepole. Nafikiri alinihurumia. "Kijana, ni hayo mabati tu yanawapandisha. Kama ingekuwa nyasi, ningewaandika leo. Nitarudi baada ya wiki tatu kumaliza nyumba za ng'ambo ya mto. Wale hali yao imebadilika nitawaandika upya."

Hakuniambia nishushe paa. Nataka uelewe hapo. Sitamwekea mzigo wangu. Lile wazo lilikuwa langu.

Nililala nalo, nikaamka nalo. Nikajiambia hivi: nyumba za nyasi ndizo tulizozaliwa ndani yake sisi sote, nani alikufa kwa nyasi? Nitayashusha mabati, nitayaficha, nitaezeka nyasi. Karani akishapita, nayarudisha. Wiki tatu tu! Na Nyambura anasoma miaka minne. Niambie, ungekuwa wewe ungeona kosa liko wapi?

Nyambura aliliona. "Kaka, mvua ziko karibu. Maji tutatoa wapi? Na kifua cha Muthoni?"

Kwa maana Muthoni alikuwa na kifua kibovu tangu kuzaliwa. Baridi ikimpata, unamsikia akipumua kutoka nje ya nyumba.

"Wiki tatu," nikamwambia.

"Afadhali nikose shule."

"Hukosi. Nimesema hukosi."

Muthoni akauliza, "Paa ikitoka tutaona nyota tukiwa kitandani?"

Tulicheka. Ndiyo, tulicheka!

Nilikuwa nimeshusha mabati saba Cucu alipofika, anahema, kitambaa cha kichwa kimeteleza.

"Shuka!"

"Cucu, ni kwa muda."

"Shuka nikuambie ukiwa chini, shingo yangu inauma. Wewe umelogwa? Ni nani amekufa tena kwa hii nyumba mpaka unaivua nguo?"

Nikashuka, nikamweleza. Karani, mstari, wiki tatu, Nyambura. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaangalia yale mabati chini, moja baada ya jingine, kama mtu anayetazama ng'ombe wake waliochinjwa.

"Sisi tulilima mwaka mzima ili watoto wa huyo mama wasiwe maskini," akasema. "Sasa wewe unataka kutuaibisha uwe maskini kwa bidii. Paa hii si yako peke yako. Ukiendelea, ujue umeendelea wewe."

Nikapanda tena.

Hapa kuna jambo ambalo mtu asiye wa kwetu hawezi kulijua. Kuezeka nyasi kwetu ni kazi ya wanawake. Mwanamume anasimamisha nguzo na kufunga pau, lakini nyasi zinakatwa na wanawake, wanajua zipi na lini, na wao ndio wanazipanga na kuzifunga, mkono kwa mkono, ili maji yateleze. Nilikuwa nimeona kazi hiyo mara nyingi utotoni. Niliona kama ni kitu cha kurusha tu juu. Baada ya maneno ya Cucu, hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuja. Nyambura alikuwa hajafundishwa, kwa sababu alipofikia umri wa kufundishwa, wanawake walikuwa wameshahamia kwenye mabati.

Nikakata nyasi mwenyewe, zile kavu za kiangazi, zinazovunjika mkononi. Nikaezeka mwenyewe. Kwa mbali ilionekana nyumba. Mabati niliyaficha kwenye kona ya shamba, chini ya mabua ya mahindi. Kutoka kitanda cha Muthoni hadi pale ni hatua arobaini. Nilikuja kuzihesabu baadaye, mara nyingi sana.

Wiki ya tatu ilifika, na mvua ikafika nayo. Karani hakuja.

Siku ya kwanza maji yalipita kwenye kona moja. Tukahamisha kitanda. Siku ya pili yakapita katikati. Nikapanda, nikaongeza nyasi, zile za juu zikazisukuma za chini, tundu likawa kubwa zaidi. Tukaweka sufuria, karai, debe. Muthoni alizipa majina kulingana na sauti za matone, moja akaiita mwalimu kwa sababu haikunyamaza.

Na pipa likakaa tupu mlangoni, mvua inanyesha! Nyasi hazikupi maji ya kunywa, zinakupa maji meusi. Nyambura akaanza kuteremka mtoni alfajiri, anarudi amelowa, anakuta sakafu imelowa, moto umekataa kuwaka kwa sababu kuni zimelowa. Zile kuni za bure. Yale maji ya bure.

Wiki ya nne Muthoni akaanza kukohoa.

"Kaka," Nyambura akaniambia, "rudisha mabati. Kwa upande wa kitanda tu. Manne tu."

"Akija kesho akayaona?"

"Aje."

"Nyambura, shule inafunguliwa lini? Tumeshavumilia yote haya, tuharibu siku ya mwisho?"

Nilikwenda kwa naibu wa chifu. "Karani anakuja lini?"

"Anakuja. Daraja limebebwa na maji, gari lake halipiti. Labda kesho, labda keshokutwa. Mbona una haraka kama bibi harusi?"

Basi nikarudi nyumbani na ile kesho. Kila siku nilikuwa na kesho moja. Wajomba walikuwa wamesema nitashindwa kuwalea, nami nilikuwa nimeapa moyoni kwamba Nyambura ataingia shule ya bweni hata kama nitakula mchanga. Nilifikiri kuvumilia ni kuzuri siku zote. Sikujiuliza ni nani anayevumilia. Mimi nilikuwa mzima! Aliyekuwa anavumilia ni mtoto wa miaka saba.

Mara ya pili Nyambura hakunisihi. Alitoka asubuhi kwenye mvua, akaenda kwenye mabua, akabeba bati moja kichwani peke yake. Nilimkuta ameliegemeza ukutani, anatafuta ngazi. Nililichukua mikononi mwake nikalirudisha.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuikata. Sasa naiacha.

Wiki ya tano, Jumatatu, Muthoni hakutaka uji. Mwili wake ulikuwa moto, midomo imebadilika rangi. Nilimfunga mgongoni kwa shuka kama wanawake wanavyofunga, nikaanza safari ya hospitali ya misheni. Hakuna gari lililopita kwenye matope yale. Nilikuwa nasikia kifua chake mgongoni mwangu, kinakwaruza kama msumeno kwenye mbao mbichi. Njiani aliniuliza kama karani amekuja. Nikamwambia bado.

"Akija mwambie nyumba yetu ni mbaya sana," akasema.

Hospitalini walimpokea haraka, walifanya waliloweza. Muuguzi alipomvua nguo, alizishika mkononi, akazikamua kidogo, akaniangalia. "Huyu mtoto amekuwa akilala mtoni?"

Siku ya tatu, saa sita mchana, Muthoni akaacha kupumua. Nimonia, walisema. Nilikuwa nimemshika mguu.

Ngai, Mungu wangu! Sina maneno ya hapo. Nitaendelea tu.

Wanawake walikuja matangani. Walileta kuni, wakapika chai, wakaimba. Walifanya kila kitu kinachotakiwa kufanywa, na hakuna aliyenitupia neno baya. Cucu alimwosha kama alivyomwosha mama. Aliponipita mlangoni alitazama juu, kwenye nyasi, akaendelea kutembea. Heri angenipiga.

Siku tisa baada ya maziko, daraja likiwa limetengenezwa, karani alikuja.

Nilikuwa bado sijarudisha mabati. Sikuwa na nguvu ya kuyagusa. Karani akakaa kwenye kigoda kile kile, akatoa karatasi ile ile. Hakujua. Akaangalia juu, akatingisha kichwa. "Nyasi," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye haulizi maswali mengi. Akakata mabati kwenye hesabu. "Mnalala wangapi?"

Nyambura ndiye aliyejibu. "Wawili."

"Mlikuwa watatu."

"Ndiyo. Sasa tuko wawili."

Alitazama pipa, pale ambapo Muthoni alikuwa amejificha siku ile. Akaelewa. Akasema pole, tena kwa dhati. Kisha mkono wake ukaendelea, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake: viazi vile vile, vibarua vile vile, kuku wale wale, bila mabati. Akagawanya kwa wawili.

Biro ikasimama.

"Nini?" nikamwuliza.

Akarudia hesabu kutoka juu. "Chakula kilichokuwa kinaliwa na watu watatu sasa ni cha wawili," akasema. "Kwa karatasi kila mmoja amepata zaidi. Mmepanda juu ya mstari tena."

Umesikia, msomaji? Kifo cha dada yangu kilitutajirisha. Tulimzika, na kwa hesabu ya Nairobi tukawa watu wenye nafuu.

Karani akaangalia njiani kama kuna mtu. Akainama kwangu. "Naweza kuandika watatu," akanong'ona. "Msichana aende shule. Nani atajua?"

Na mimi, mwenye dhambi, nikasema, "Andika."

Sikufikiri hata kidogo. Lilitoka kama lilikuwa linangoja mdomoni. Nilikuwa nimelipa bei yote, nikataka nipewe nilichonunua.

Nyambura akasogea mbele yangu. Hakuinua sauti. "Usimwandike," akamwambia karani. "Huyo mtoto amewafanyia kazi ya kutosha."

"Nyambura," nikasema.

"Ukimwandika siendi hiyo shule. Nikipelekwa nitatoroka. Sitakaa darasani nikilipiwa na yeye."

Karani akakunja karatasi. Aliniachia pesa kidogo ya rambirambi kwenye kigoda, zake mwenyewe, akaenda. Sikumwona tena. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Mbaya ni mtu anayeona mtoto analowa, na mabati yako hatua arobaini, na hayachukui.

Shule ilifunguliwa, nafasi ikapewa mwingine. Nyambura alikaa mpaka viazi vilipotoka shambani, akanisaidia kuvichimba vyote, hakuacha hata kimoja. Halafu akafunga nguo zake katika kitenge cha mama, akaenda Kiriaini kwa mjomba, kuchuma majani chai. Kule kule nilikokataa apelekwe! Sikuweza kumzuia. Ningemwambia nini? Kwamba nitamlinda?

Mabati niliyarudisha mwenyewe baada ya yeye kuondoka. Mvua ilikuwa imekwisha.

Leo Nyambura ana watoto wakubwa, wote wamesoma. Tunasalimiana. Ninapokuwa na shida husaidia bila kuombwa, na nikimtembelea hunipikia vizuri. Lakini tangu mwaka ule hajalala chini ya paa langu hata siku moja. Akija ni asubuhi, na mapema jioni anatafuta usafiri. Sijawahi kumwuliza kwa nini.

Mnaochora mistari, siwezi kuwafundisha kazi yenu, mimi ni mtu wa darasa la sita. Ila siku moja ongezeni kwenye hesabu zenu saa mbili za kupanda mlima na debe. Ongezeni barabara ikikatika. Ongezeni kifua cha mtoto. Mtakapomaliza, mtauona huo mstari mbali sana na pale mlipouweka.

Lakini si ninyi niliokuja kuwaonya. Namwonya mwenzangu, kifungua mimba yeyote aliyeachiwa nyumba na wadogo, aliyeapa kwamba hatashindwa. Najua unavyoona mbele, miaka minne, miaka kumi, mpaka humwoni aliye karibu nawe. Msaada ukikutaka uwe mnyonge kuliko ulivyo ndipo uupate, huo utakula mtu wa nyumba yako kabla haujafika. Mwache mtu wa ofisi aje na karatasi yake. Akukute umekauka, watoto wamekauka, moto unawaka.

Akunyime. Mwache akunyime! Nyote mtakuwa hai kusikia akikunyima.